Mdomo wa Tanti Konso

“Geuka kidogo,” alisema Raihana, na Kaliza akageuka juu ya stuli, polepole, kwa sababu gauni lilikuwa limechomekwa pini pande zote na kila aliposahau, pini moja ilimkumbusha.

Raihana alikuwa amepiga magoti sakafuni, futi imening’inia shingoni, akipima upindo kwa kidole. Vidole vyake aliviamini kuliko futi. Alikunja kitenge, akachomeka pini, akajivuta kidogo kwa magoti, akakunja tena. Pini alizichomoa kwenye kimto kidogo alichokifunga kwa mpira kwenye kifundo cha mkono. Kilikuwa kimto kipya, chekundu, kimeshonwa kwa uangalifu kama kila kitu kilichopita mikononi mwake.

Kaliza hakuweza kukiondolea macho kimto hicho. Kwa miaka kadhaa sasa pini za Raihana zilikaa mdomoni. Zilikaa upande wa kushoto, kadhaa kwa pamoja, zikiuvuta mdomo huko, na hivyo hivyo Raihana aliongea, aliimba, alipatana bei na kuwafokea wauza vitambaa. Leo mdomo wenyewe ulikuwa hauonekani. Mtandio mweusi ulikuwa umepitishwa juu ya pua na kubanwa nyuma ya kichwa, na macho peke yake ndiyo yaliyokuwa yakifuata upindo.

Kaliza alikuwa ameshaambiwa. Kabla ya kufika dukani alisimama kwa mzee Bizimana, muuza chai ya tangawizi pale kona, ambaye hakuna kilichopita mtaani Biryogo bila yeye kukijua. Bizimana alimweleza, kwa uso wa mtu anayetoa habari njema, kwamba fundi amebadilika, siku hizi anajistiri mpaka uso, na kwamba Mungu akitaka kumwongoa mja wake haangalii umri. Kaliza hakuwa Mwislamu, lakini aliitikia alhamdulillahi kama jirani anavyopaswa kuitikia. Chai yake aliiacha nusu.

Alipofika, Raihana aliteremsha pazia la mlango, kama siku zote mtu anapojaribu nguo, na ndani wakabaki wawili tu. Bati lilikuwa limeshika joto la mchana kutwa. Mwanamke yeyote anayejistiri, akiwa peke yake na rafiki yake wa zamani nyuma ya pazia, angeushusha mtandio apumue. Raihana hakuushusha. Hapo ndipo Kaliza alipopata hakika kwamba uso ule haukufunikwa kwa ajili ya Mungu wala kwa ajili ya wanaume. Ulifunikwa kwa ajili yake.

Alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Aliyapanga njiani moja baada ya jingine, kama anavyopanga maneno ya kazi. Lakini alipopandishwa kwenye stuli na kuzungushiwa pini, maneno yale yakawa mazito, akaamua kungoja upindo uishe. Upindo haukuisha.

Kaliza alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa msichana mkubwa. Kiswahili ndicho kilichomleta Biryogo. Sehemu nyingine za Kigali walimcheka Kinyarwanda chake, lakini huku, kati ya misikiti na vichochoro vya mafundi, alisikia watu wakigombana kwa lugha aliyokuwa akiota nayo, akahisi amefika. Raihana, ambaye babu yake aliletwa na biashara ya nguo kutoka pwani na hakurudi tena, alimshonea sketi alipopata kazi yake ya kwanza ya kuigiza, katika tangazo la vyandarua. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyeigizwa na Kaliza ambaye hakuvaa mshono wa Raihana.

Na walikuwa wengi. Kaliza alikuwa mwigizaji ambaye watu huikumbuka sura yake na kulisahau jina lake. Alikuwa mama mkwe, alikuwa nesi anayesema subirini, alikuwa jirani anayechungulia, mke wa mchungaji, muuza mkaa aliyeshuhudia ajali. Mwanzoni zilikuwa filamu za sidii zilizouzwa mjini kando ya barabara, kisha ikaja televisheni, kisha hizi ambazo watu huzitazama kwenye simu wakisubiri gari. Hakuwahi kuwa mchumba wa mtu katika filamu yoyote, na hakulalamika. Kazi aliisoma mwenyewe, bila shule, kwa kukosea na kurudia. Kila mwanamke alimpa kitu kimoja cha mtu halisi: mwendo, au kikohozi, au namna ya kukumbatia mkoba. Alikuwa akikaa kwenye ngazi za duka moja pale njia panda ya Sonatubes, penye fujo za magari na pikipiki za abiria zinazoitwa moto, akitazama mpaka kitu kimjie. Na alichukua kwa wapita njia tu, watu ambao asingekutana nao tena. Hilo hakumwambia mtu, lakini alilishika kama kiapo.

Akishapata kitu chake, alikileta kwa Raihana. Walikuwa na desturi yao. Raihana alikata mwili wa gauni kwa vipimo, lakini mikono hakuikata mpaka amwone huyo mwanamke. Alimwambia Kaliza atembee, akae, agombane na mtu, na Kaliza alitembea kati ya cherehani na meza ya kupigia pasi akigombana na ukuta. Raihana alitazama mabega na viwiko, akacheka kwa pini zake, kisha akachukua mkasi. Kwa hiyo muuza mkaa alipata mikono mifupi iliyobana, na mke wa mchungaji alipata mikono mipana ya kubariki watu.

Tanti Konso, shangazi wa tamthilia ya televisheni, peke yake hakuwahi kuonyeshwa. Mara ya kwanza Kaliza alisema kweli: bado hajampata, ana maneno machache, mkatie mikono ya kawaida tu. Mara ya pili, Tanti Konso alipohitaji nguo zaidi kwa sababu watu walikuwa wamempenda, alisema maneno yale yale, na safari hiyo hayakuwa kweli. Raihana alimtazama kidogo, akakata mikono ya kawaida.

Ilikuwa hivi. Benon, mwongozaji, kijana aliyekulia Kampala, mwenye haraka na adabu kwa pamoja, alikodi ghala Masoro akalifanya nyumba ya tajiri kwa mbao na mapazia. Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na shangazi anayebeba umbea chumba hadi chumba. Siku ya kwanza Kaliza alimwigiza, na Benon akasema kwa heshima zote kwamba mama, huyu mwanamke hana chumvi. Taa zilikuwa zinawaka, watu wamesimama wakingoja. Kaliza alipekua kichwani wapita njia wake wote wa Sonatubes na hakuna hata mmoja aliyemsogelea. Kisha mdomo wake ukaenda pembeni wenyewe. Aliuhisi ukienda, na alijua unaenda wapi, na hakuuzuia.

Aliyeshika kamera ndiye aliyeanza kucheka. Benon alipiga magoti kwa kicheko. Kabla ya kurudia, Kaliza aliokota kijiti cha meno mezani akakibana upande wa kushoto, akijiambia kwamba ikiwa ni kijiti na si pini, hakuna atakayejua. Hakufikiri kwamba pini ndizo zilizouficha mdomo ule, na kwamba kijiti kingeuanika.

Na zilificha nini, yeye alijua. Miaka kadhaa iliyopita Raihana aliamka alfajiri kutia udhu, akasukutua, na maji yakamwagika yenyewe pembeni mwa mdomo. Alidhani ni usingizi. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Kaliza. Walikaa pamoja kwenye benchi la hospitali, Raihana ameuficha uso wake begani mwa mwenzake, mpaka daktari akawaambia ni mshipa wa uso na kwamba wengi hupona. Alipona, karibu wote. Upande wa kulia ulibaki nyuma kidogo ya upande wa kushoto, zaidi akichoka, zaidi akicheka. Ndipo pini zilipohamia mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni hakuna anayemuuliza kwa nini mdomo wake umevutika. Raihana hakuieleza hila hiyo kwa mtu yeyote, na Kaliza hakuhitaji kuelezwa. Alikuwapo.

“Nyoosha mgongo,” alisema Raihana sasa. “Unajikunja.”

Kaliza alinyoosha mgongo. Alisema joto limezidi leo, akakubaliwa kwamba limezidi. Alisema kitambaa ni kizuri, akaambiwa kimetoka Kongo. Zamani katika muda kama huo wangekuwa wameshawasema watu wote wa mtaani na kuanza upya.

Simu ya Kaliza ililia juu ya meza ya pasi. Alitaka kushuka, pini zikamkataza. Raihana aliinuka, akatazama jina la Benon kwenye kioo, na kwa kuwa pini za ubavuni zilimzuia Kaliza kuinua mikono, akabonyeza na kuifungulia sauti, akaishika mbele yake kama anavyoshikiwa mgonjwa kikombe.

Benon alikuwa na furaha. Alizungumza kama kawaida yake, Kiswahili kidogo, Kinyarwanda kidogo, Kiingereza zaidi ya vyote viwili. Alisema bango jipya limeshapanda pale Sonatubes na madereva wa moto wanainua vioo vya kofia zao ili wapindishe midomo mbele yake. Alisema amelipata wazo la kufungua msimu mpya: kabla ya jina, kabla ya muziki, unaonekana mdomo peke yake, umejaa kioo kizima, unaanza kwenda. Alimwomba mama afanye mazoezi ya kuupeleka taratibu zaidi, ili watu waone vizuri unavyoshuka. Kesho kutwa asubuhi Masoro.

Macho ya Raihana hayakuondoka kwenye simu.

“Sawa, Benon,” alisema Kaliza.

Raihana aliizima simu, akairudisha mezani, akapiga magoti tena. Upindo uliendelea kutoka pale ulipoachiwa. Kaliza alitazama ukuta wa mbele, palipotundikwa kalenda ya duka la vitambaa, na aibu ikampanda kutoka miguuni kama maji ya bomba yanavyopanda kwenye ndoo, kimya kimya, bila kurudi chini. Alijiambia upindo ukifika mbele atasema. Ulifika mbele, ukapita.

Hodi ikapigwa na pazia likainuliwa kabla ya kuitikiwa. Alikuwa Ingrid, binti anayefanya kazi benki, aliyekuja kuchukua mshanana wake, vazi la sherehe la bega moja, wa harusi ya Jumamosi. Aliingia akiomba radhi kwa kuchelewa, akainua macho kuangalia aliyesimama juu ya stuli, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kisha akaanza kueleza kwa Kinyarwanda jinsi mama yake anavyofunga duka mapema siku ya tamthilia, jinsi bosi wao kazini wamembandika jina la Tanti Konso, na jinsi asivyoamini. Simu yake ilikuwa imeshatoka mkobani.

“Tanti, fanya ile mdomo,” alisema kwa Kiswahili, akimbembeleza. “Kidogo tu, sha. Nitume kazini, wakufe na wivu.”

Hapa Kaliza alikuwa na nafasi, na baadaye alizihesabu nafasi zote alizokuwa nazo. Angeweza kusema amechoka. Angeweza kuonyesha pini. Angeweza kusema kwamba Tanti Konso hakai nje ya Masoro, binti angecheka na mambo yangeishia hapo. Lakini simu ilikuwa imeinuliwa, uso wa binti umejaa furaha, na uso wa Kaliza ulikuwa umezoea kwa miaka mingi kutangulia mbele ya kamera kabla ya moyo kuulizwa. Mdomo ukaenda. Ulikwenda kushoto, ukabana, jicho la kulia likazama, na kutoka pembeni ikatoka ile sauti ya kufyonza ambayo nchi nzima iliijua.

Ingrid alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la vitambaa. Alipopata pumzi alimgeukia Raihana, aliyekuwa bado magotini, akamuuliza kama fundi naye anamjua Tanti Konso.

“Namjua,” alisema Raihana.

Aliinuka, akaushusha mshanana kutoka kwenye kamba, akaukunjua auonyeshe mishono, akamwomba Ingrid akague vizuri asije akarudi na malalamiko siku ya harusi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kazi. Ingrid alikagua, akasifu, akalikumbatia furushi lake, akaondoka akiitazama video yake na kucheka peke yake uchochoroni. Raihana alilivuta pazia mpaka mwisho, likagusa ukuta.

Halafu hakurudi kwenye upindo. Alisimama mbele ya stuli, na kwa kuwa Kaliza alikuwa juu, ilimbidi ainue kichwa. Alipeleka mkono nyuma, akafungua mtandio, akaushusha hadi kidevuni.

“Tazama,” alisema.

Kaliza alitazama. Alijua angeona nini, na hakukiona. Upande wa kulia ulikuwa umelala kidogo tu, kama mtu aliyeamka sasa hivi na upande mmoja haujaamka vizuri. Ungempita mwanamke huyu sokoni mara nyingi na usingeona kitu. Jicho halikuzama. Mdomo haukubana. Hakukuwa na kile alichokibeba yeye usoni kwa mwaka mzima.

“Ndivyo unavyoniona hivyo?” aliuliza Raihana. “Miaka yote hii, tukikaa hapa, tukila pamoja. Ulikuwa unaona kile?”

“Hapana.”

“Sasa ulikitoa wapi?”

Jibu Kaliza alikuwa nalo, na lilikuwa baya. Alikitoa kwa Raihana. Alikitoa kwenye benchi la hospitali, siku ambayo mwenzake alimwachia uso wake kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Kisha alikiongeza, kidogo kidogo, kila watu walipocheka, mpaka kikawa kikubwa kuliko mwenyewe aliyekuwa nacho. Alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida, kwamba siku ile Masoro alikosa pa kushika, na kwamba Raihana ndiye aliyekuwa karibu.

Raihana alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, bali kama mtu anayepima kitambaa na kukuta urefu ni ule ule alioudhani.

Alisimulia kwa kifupi, akitazama kando. Mtoto wa mteja mmoja alisimama pale mlangoni akamwambia mama yake, angalia, Tanti Konso. Mama alimfinya mtoto, akaomba radhi mara nyingi mno, na Raihana hakuelewa anaombwa radhi ya nini. Jioni ya tamthilia akaenda nyumba ya pili, kwa jirani mwenye televisheni, wakampa kiti cha mbele. Kaliza alipotokea kwenye kioo, Raihana alifurahi kwanza, kwa sababu gauni lilikuwa limemkaa vizuri.

“Nikacheka,” alisema. “Mdomo ulipokwenda, nikacheka na wenzangu. Nilicheka kabla sijajua ninamcheka nani. Nikageuka nione kama wengine wanacheka, nikakuta wameacha. Wananitazama mimi.”

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye vyuma vilivyogongana. Walingoja apite.

Kaliza alisema atauacha mdomo ule. Alisema atampigia Benon sasa hivi amwambie hauonyeshi tena, wala kwenye ufunguzi, wala popote. Raihana aliuliza kama na bango litashuka, na kama watoto watasahau, na kama itafutika video ya yule binti ambayo hivi sasa iko benki nzima. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua. Ndipo Kaliza akakosea mara nyingine, kwa nia safi kabisa.

“Basi tuwaeleze,” alisema. Mawazo yalimjia kwa kasi, akayafuata. “Tumpe Tanti Konso sababu. Nitamwambia Benon aandike. Watu waone jinsi mdomo ulivyomwanzia. Anaamka alfajiri, hajui lolote, anachukua maji anasukutua, na maji yana…”

Alijisikia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshainuka bila kujali pini, kiganja kimekunjwa kama kinachoteka maji, na kidevu kimeshainama kuelekea kiganja. Alikuwa ameshaanza kuigiza.

Raihana aliutazama mkono ule.

“Na asubuhi ile nayo unaitaka?” aliuliza.

Kaliza aliushusha mkono. Pini ya ubavuni ilimchoma na hakuiondoa. Katika maisha yake alizomewa jukwaani, alikatwa kwenye filamu bila kuambiwa, alisubiri chini ya jua kuigiza maneno mawili yaliyofutwa kabla kamera haijawashwa, na hakuna siku aliyotamani kama hii kuvua uso wake na kuuweka mahali. Alitaka kusema samahani. Neno lilikuwa limekaa tayari, lakini alilichunguza na kuliogopa, kwa sababu hakuwa na hakika kama angelisema au angeliigiza. Alijua kuomba samahani kwa namna nyingi sana. Alizijua za mama mkwe na za muuza mkaa.

“Sijui niseme nini,” alisema mwishowe, vibaya, bila kupanga.

“Usiseme,” alisema Raihana. “Simama wima. Nimalizie huku nyuma.”

Alirudi magotini. Mtandio aliuacha kidevuni. Kwa muda pini ziliendelea kutoka kwenye kimto moja moja, kisha kimto kikawa kinamsumbua, kinajizungusha kifundoni na kukwama kwenye kitenge, na Raihana alinong’ona neno la kukilaani, akakivua. Alichomoa pini kadhaa akaziweka mdomoni, upande wa kushoto. Kaliza aliyaona hayo kwenye kipande cha kioo kilichoegemezwa ukutani, akayaondoa macho yake haraka, akayapeleka kwenye kalenda na kuyaacha huko. Kusikia hakuweza kujizuia. Alisikia pumzi ya mwenzake ikipita kati ya pini.

Adhana ya magharibi ilianza msikiti wa karibu, na mwingine ukaufuata kwa mbali. Raihana aliuchomeka upindo mahali pa mwisho, akazitoa pini mdomoni, akaupandisha mtandio.

“Vua polepole usizimwage,” alisema.

Kusaidiana kuvua gauni lenye pini ni kazi ya watu wawili, na waliifanya kama siku zote, mmoja akiinua, mwingine akipenya chini, bila kutazamana. Raihana alilitundika ukutani. Lilikuwa gauni la Tanti Konso la msimu mpya, zuri, la kijani na manjano, lenye kiuno cha mtu mwenye majivuno, na mahali pa mikono palikuwa na matundu mawili matupu yenye nyuzi zinazoning’inia. Kitambaa cha mikono kilikuwa mezani, kimekunjwa, hakijaguswa na mkasi.

“Mikono sijakata,” alisema Raihana, akitafuta viatu vyake vya kwenda kutilia udhu. “Ya kawaida sikati tena. Kesho asubuhi uje unionyeshe anavyotembea huyo.”

“Bado hayupo,” alisema Kaliza.

“Sasa utanionyesha nini?”

“Sijui.”

Raihana alimfungulia pazia. Hakumwambia karibu tena wala usirudi.

Uchochoroni taa za maduka zilikuwa zinawashwa. Kaliza alimpita Bizimana akifuta meza zake, akamwamkia kwa kichwa tu, akaenda kusimama chini ya ukuta penye nafasi. Alimpigia Benon. Alimwambia mdomo haufanyi tena. Benon alicheka, kisha akagundua kwamba amecheka peke yake. Alisema mambo mengi kwa upole: bango, ufunguzi, watu wanaongoja. Alisema pia, bila nia mbaya, kwamba mdomo ule sasa kila mtu anaujua, na kwamba wako wasichana wanaoweza kuufanya wakiamshwa usingizini. Kaliza alilisikiliza hilo mpaka mwisho, kwa sababu lilikuwa kweli na yeye ndiye aliyelifanya liwe kweli.

“Basi Tanti atakuwa na nini?” aliuliza Benon. “Bila mdomo ana nini?”

“Nitakuambia kesho.”

Aliiweka simu mkobani. Mbele yake mwanamke mmoja alikuwa anapandisha mteremko na beseni la vyombo ubavuni, akitembea kwa mguu mmoja ulionyooka na mwingine unaofuata kwa kusitasita, mwendo mzuri kabisa, mwendo ambao siku nyingine angeufuata mpaka barabarani. Kaliza aliinamisha macho chini, kwenye matofali ya njia, akangoja apotee. Kisha akajaribu kutembea mwenyewe, mikono mitupu, akitafuta mabega ya mtu ambaye hakumchukua popote. Alifika kona. Hakuwa amempata. Akarudi nyuma mpaka pale ukutani, akaanza tena, na giza lilipozidi akaacha, akaenda nyumbani, ili aendelee asubuhi.